Kwa nini runinga zilitupa hesabu tofauti za kura mwaka 2022, na tuzitazame vipi 2027?

Mpigakura wa Nakuru anauliza:

Hamjambo ndugu zangu. Nina swali ambalo limekaa nyumbani kwetu tangu Agosti 2022, na kwa kuwa uchaguzi mwingine uko Agosti 10, 2027, naona ni vyema niliulize sasa, kabla joto la kampeni halijapanda.

Baada ya kura ile ya urais wa Kenya, baba yangu alikaa mbele ya runinga siku mbili akiwa na daftari la shule. Alikuwa amechora safu tatu kwa rula, kila safu na jina la kituo chake, na kila baada ya nusu saa alibadilisha stesheni na kunakili kura za William Ruto na za Raila Odinga. Katika safu moja Ruto alikuwa akiongoza, katika nyingine Odinga ndiye aliyekuwa mbele, saa ileile, ilhali tulikuwa tumeambiwa kwamba vituo vyote vinasoma Fomu 34A zilezile, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo cha kupigia kura, ambazo tume ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa imeziweka kwenye tovuti yake. Kisha hesabu zikaanza kwenda polepole, na hatimaye zikasimama kabisa. Hakuna mtangazaji aliyetueleza sababu. Baba alifunga daftari akasema, "Mmoja wao anatudanganya, na wote wanajua ni nani."

Tangu siku hiyo hatazami taarifa ya saa moja. Si mtu wa uvumi. Kwa miaka yote niliyomjua, taarifa hiyo ilikuwa kama ibada kwake, na chakula cha jioni kilisubiri mpaka hali ya hewa isomwe. Naomba mnisaidie kuelewa: ule ulikuwa upendeleo, uzembe, au hofu? Nami ningependa kujua kama kuna jambo ambalo kituo kinaweza kulifanya 2027 ili mzee kama huyu akiamini tena.

Mwalimu wa Hesabu, Voi:

Mpe mzee shikamoo zangu, na umwambie kwamba daftari lake lilikuwa kazi nzuri iliyopungukiwa na safu moja tu. Angenakili pia ni fomu ngapi zilizokuwa zimeshaingizwa na zilitoka kaunti zipi. Bila safu hiyo, tofauti aliyoiona haiwezi kuthibitisha udanganyifu wala kuukanusha, na kosa si lake, kwa sababu vituo vyenyewe havikumwonyesha kaunti hizo kwa namna ya kueleweka.

Fomu kwenye tovuti ya IEBC zilipangwa kwa kaunti, kisha eneo bunge, kisha wadi, kisha kituo cha kupigia kura. Kaunti zetu zina namba, kuanzia 001 ambayo ni Mombasa hadi 047 ambayo ni Nairobi. Anayeanzia juu anakutana kwanza na Pwani, ambako Odinga alipata kura nyingi. Akifika 019 hadi 022, yaani Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Kiambu, na baadaye Uasin Gishu, Elgeyo Marakwet na Nandi, Ruto anapanda kwa kasi. Akifika 041 hadi 044, yaani Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, mizani inarudi kwa Odinga. Anayeanzia chini, au anayechukua fomu kadiri zinavyoingia, atapata picha nyingine kabisa saa ileile, na wote wawili watakuwa wameandika ukweli mtupu.

Jambo la pili ni jinsi kinyang'anyiro kilivyokuwa kikali. Matokeo yaliyotangazwa Agosti 15 yalimpa Ruto kura 7,176,141 na Odinga 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Zigawanye kwa vituo 46,229 vya kupigia kura, utapata kura tano hivi kwa kila kituo. Kwa pengo jembamba namna hiyo, jumla ambayo haijakamilika inaweza kumweka yeyote kati yao mbele, kutegemea tu rundo lililoshikwa kwanza. Nimewapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu zoezi hili kwa maharagwe meupe na mekundu ndani ya vikombe 47, na walibishana kwa dakika kumi kabla ya kukubali kwamba hakuna aliyeiba hata punje moja.

Hata hivyo sivitetei vituo. Mhariri aliyejua jambo hili, na alipaswa kulijua, alikuwa na wajibu wa kulisema kila mara tarakimu zilipopita kwenye skrini.

Niliyeingiza Fomu:

Nilikuwa mmoja wa vijana waliokodishwa na kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kufanya kazi ambayo mwalimu ameieleza. Tuliwekwa katika chumba kilichokuwa kawaida cha mikutano, kila mmoja na kompyuta yake, na tulifanya kazi kwa zamu, mchana na usiku. Unafungua picha ya fomu, unasoma kura za wagombea wanne na zilizokataliwa, unaandika, mwenzako anahakikisha, unakwenda fomu nyingine. Kwa maneno inaonekana ni kazi nyepesi. Lakini kuna fomu iliyopigwa picha ikiwa imepinduka juu chini. Kuna ambayo muhuri wa rangi ya zambarau umegongwa juu ya tarakimu zenyewe. Kuna msimamizi ambaye 1 yake ni kama 7, na unalazimika kujumlisha safu nzima ili ujue alimaanisha nini. Nakumbuka fomu moja niliyoitazama kwa robo saa nikiwa nimesogeza uso karibu na skrini, kwa kuwa kura 17 na kura 77 si jambo moja katika kituo ambacho kisheria hakizidi wapigakura 700.

Pigeni hesabu wenyewe. Ikiwa kila fomu inachukua dakika tatu, fomu 46,229 zinahitaji zaidi ya saa 2,300 za kazi. Watu arobaini wasiolala wala kula wangemaliza kwa karibu saa 58. Sisi tulilala na tulikula, na hatukufika arobaini.

Kuhusu kusimama kwa hesabu, nitasema nililoliona tu. Siku ya pili jioni tuliambiwa tupunguze kasi, kisha tuache. Msimamizi wetu hakutaja chama wala mgombea. Alisema kwamba watu mitaani wanapigana kwa maneno kwa sababu tarakimu za vituo hazifanani, na kwamba wakubwa wanazungumza. Nje, Baraza la Vyombo vya Habari nalo lilikuwa limetoa taarifa kwamba linashauriana na wamiliki na wahariri ili wananchi wapate hesabu zinazowiana. Kwa hiyo, ndugu wa Nakuru, kati ya majina matatu uliyoyataja, mimi ningechagua hofu. Ninachosikitikia mpaka leo ni kwamba hakuna aliyesimama mbele ya kamera kusema, "Tumesimamisha, na sababu ni hii." Sentensi hiyo isingechukua hata nusu dakika.

Msomaji wa Kisumu:

Nawashukuru wawili waliotangulia, lakini naomba tusiondoke hapa tukiamini kwamba yote yalikuwa mpangilio wa fomu. Baba wa huyu ndugu hakuanza kushuku Agosti; alifika Agosti akiwa ameshabeba shaka ya miezi mingi. Mwaka huo mmiliki wa Royal Media Services, yenye runinga ya Citizen, S. K. Macharia, alimuunga mkono Odinga hadharani. Kundi la Mediamax, lenye runinga ya K24, limehusishwa na familia ya Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, na kundi la Standard, lenye KTN, na familia ya Moi. KBC ni ya serikali. Mtazamaji anayejua hayo akiona mkutano wa mrengo mmoja ukirushwa moja kwa moja kwa saa nzima na wa mrengo wa pili ukipewa dakika mbili za picha zisizo na sauti, hana haja ya kuonyeshwa fomu yoyote ili ashuku.

Tena upendeleo mwingine hausemwi kwa maneno. Serikali ni miongoni mwa wateja wakubwa wa matangazo ya biashara, na madeni yake kwa vyombo vya habari yamelalamikiwa kwa miaka. Machi 2024 kulitolewa agizo kwamba matangazo ya idara za serikali katika redio na runinga yapelekwe KBC. Mhariri anayesubiri kulipwa, na anayejua mlipaji anaweza kuhamia kwingine kesho, hupima kichwa cha habari mara mbili.

Na hofu aliyoitaja ndugu aliyeingiza fomu ina historia. Desemba 30, 2007 matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku, na mshindi wa urais akatangazwa kupitia KBC peke yake. Januari 30, 2018 mitambo ya NTV, KTN na Citizen ilizimwa kwa sababu ya Odinga kujiapisha kuwa "rais wa wananchi" pale Uhuru Park. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, baadhi vikazimwa, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Ajabu ni kwamba siku ambazo mitambo ilizimwa, majirani zangu walivitetea vituo vilevile walivyovitukana mwezi mmoja kabla. Kwangu hiyo ni dalili kwamba imani haijafa. Watu bado wanaona kuna kitu chao pale cha kupoteza.

Mpigakura wa Nakuru anajibu:

Asanteni sana. Jana jioni nilimsomea mzee majibu yote matatu. Habari ya muhuri juu ya tarakimu ilimgusa, kwa kuwa amewahi kuwa karani. Ya mwalimu aliikubali shingo upande, kisha akatoa lile daftari kabatini na kuchora safu ya nne kando ya zile tatu, ingawa haina cha kuandikwa. Ya Kisumu alisema ndiyo aliyokuwa akiyasema siku zote.

Ana ombi moja kwa aliyeingiza fomu. Mwaka 2027, kituo kinaweza kuweka chini ya skrini idadi ya fomu zilizoingizwa kwa kila kaunti, au kazi hiyo inazidi uwezo wa chumba kama kile?

Niliyeingiza Fomu:

Inawezekana, na haiongezi hata mtu mmoja. Kila fomu tuliyoiingiza ilibeba namba ya kaunti yake. Orodha hiyo tulikuwa nayo kwenye kompyuta zetu tangu saa ya kwanza.