Taa za LED za dari zinazima na kuwaka, naombeni ushauri

Nuru_Nyumbani: Wakuu, habari za muda huu. Niko kwenye ukarabati. Sebuleni nimeweka dari la jipsamu na stripu za LED zimefichwa pembezoni, zinazunguka chumba kizima. Sasa zinawaka kidogo, zinazima, zinawaka tena. Na upande wa mbali mwanga ni hafifu. Wiki ijayo nina wageni, usingizi sipati. Je, nimeuziwa feki? Nibadilishe niweke nyeupe?

Mama_Wawili: Nyeupe ya kelvini 6500 sebuleni hapana, ndugu yangu. Hiyo peleka jikoni. Sebuleni weka 2700 au 3000, ile ya njano njano. Sisi tuliweka nyeupe, mume wangu akawa anahamia chumbani kila jioni, anasema macho yanamuuma. Tulipobadilisha akarudi.

Fundi_Waya: Rangi haihusiani na kuzima. Mkuu, taja urefu wa stripu, volti, wati kwa mita, na draiva, kile kiboksi kinachozilisha umeme, ina wati ngapi.

Nuru_Nyumbani: Ni za volti 12. Draiva haina shida, ni mpya. Na fundi wangu ni mzoefu, kafanya nyumba nyingi.

Fundi_Waya: Sijauliza habari za fundi. Urefu? Wati?

Nuru_Nyumbani: Mita 20, wati 9.6 kwa mita. Roli nne za mita 5 zimeungwa mfululizo. Draiva ni moja, ya wati 100. Iko juu ya jipsamu, na dari tumeshaziba na kupaka rangi.

Mja_Mnyenyekevu: Hapo ndipo tunapokosea. Tunakimbilia urembo, ya ndani tunaficha. Taa huachwa ziwake saa kadhaa ndipo dari lizibwe.

Jicho_Kali: Huu uzi ni wa kutunga. 9.6 mara 20 ni wati 192. Draiva ya 100 isingeziwasha kabisa. Mtu anatafuta wachangiaji tu.

Nuru_Nyumbani: Nitunge ili nipate nini? Niko chini yake sasa hivi. Kona ya mlangoni zinawaka vizuri, ukifika kwenye pazia unaona vidoa vidoa tu. Na kila zikikata nasikia "tiki" juu ya dari.

Fundi_Waya: Hatungi. Stripu ikiwa ndefu hivyo, volti zinapungua njiani. Vipande vya mbali vinavuta umeme kidogo, jumla haifiki 192. Ila draiva bado imezidiwa, inajikinga: inakata, inajaribu, inakata tena. Hiyo tiki ndiyo yenyewe.

Nuru_Nyumbani: Nashukuru, lakini suluhisho ninalo. Nimeshanunua draiva ya volti 24, muuzaji kaniambia itasukuma umeme ufike mwisho. Kesho fundi anaifunga. Sitaki kusikia habari za kubomoa dari.

Fundi_Waya: USIIFUNGE! Stripu ya volti 12 ukiipa 24 unaiunguza, tena ndani ya dari. Irudishe dukani. Stripu zinafikika kwa ngazi, hubomoi kitu. Tenganisha roli zote nne, kila moja ipate waya wake kutoka kwenye draiva. Chukua draiva mbili za volti 12, wati 120 kila moja. Roli mbili ni wati 96, inabaki nafasi. Ziweke kona zinazotazamana ili nyaya ziwe fupi. Kila roli inavuta ampea 4, kwa hiyo vile vinyaya vya spika visitumike. Kila draiva ikatiwe kidirisha, ipate hewa na ifikike ikiharibika. Na meni swichi izimwe kabla ya mtu kupanda.

Mzee_wa_Swichi: Zangu zilikuwa zinang'aa kidogo usiku hata nikizima. Ikaonekana swichi inakata nyutro badala ya laivu, yaani waya wenye umeme. Fundi akija apime na hilo.

Nuru_Nyumbani: Vidirisha vitaharibu dari. Mke wangu ndiye aliyechagua ile mistari, hatakubali.

Mama_Wawili: Muoneshe huu uzi. Mwanamke gani atakubali waya uungue juu ya vichwa vya watoto wake?

Fundi_Waya: Kimoja kikatwe juu ya pazia, cha pili nyuma ya mlango. Vipakwe rangi ileile.

Nuru_Nyumbani: Kasoma. Kakubali kidirisha cha pazia, cha mlangoni anataka kisogee hadi juu ya kabati. Muuzaji naye anabadilisha kama boksi halijafunguliwa. Halijafunguliwa.

Fundi_Waya: Juu ya kabati sawa, mradi mkono ufike.