Pesa za kujenga upya: ukuta wa bahari au mikoko?

Mwana wa Langoni: Jamani, tulizungumze hili la pesa za kujenga upya hapa Lamu kabla bamvua nyingine, yaani maji makuu ya kujaa, haijatukuta. Kila bahari ikichafuka na kumega ukingo, maneno ni yale yale: ukuta wa zege. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilitukuta maji yamekupwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutoyaona yaliyowapata wenzetu wa Hafun, Somalia. Tusidhani tuna kinga. Mimi naona pesa ziende kwenye mikoko kwanza. Mwasemaje?

Bahari Haina Mlango: Mikoko itasimama wapi mbele ya mji wa Lamu? Pale ni gati na madau, hakuna tope la kuotesha. Na tuseme ukweli, mikoko inayopandwa visiwani ni ya kupigia picha. Mwaka wa pili ni vijiti vikavu.

Bint Pate: Vijiti vikavu huwa kwa asiyejua kupanda, kaka yangu, si kwa watu wa visiwani. Mbegu ya mkoko huchukuliwa ikishaiva, yaani pale inapoungana na tunda pameshageuka manjano. Ikiwa bado kijani, itaoza. Isimike ncha chini, theluthi moja tu iingie topeni, mita moja baina ya miche. Kosa kubwa ni kupanda chini mno, kwenye nyasi za bahari, kwa sababu hapo hapana wa kugombana naye. Huko maji hayaondoki muda wa kutosha, na wadudu wa magamba wanagandamana kwenye mche mpaka unalala. Ukipanda juu mno, penye mchu, ambao ni mti wa aina nyingine ya mikoko, chumvi imekolea, mkoko hauhimili. Na kama mkondo umezibwa, zibua mkondo kwanza. Maji yakirudi, mbegu huja zenyewe.

Bahari Haina Mlango: Sawa, bibi. Basi waambie na wakataji boriti, maana ndio waliomaliza misitu.

Mzee wa Mazio: Hapo umetukosea heshima. Mkataji wa leseni huchagua: fito, pau, mazio, boriti, kila mti kwa unene wake, na huacha miti mama ya kumwaga mbegu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 hazikuchagua. Kule Mwache, Mombasa, udongo ulifukia mizizi ya kupumulia, mikoko ikafa imesimama. Shoka gani lilipita pale?

Bint Pate: Mzee wangu, shikamoo. Lakini mkoko ukikatwa shina hauchipui tena kama mchu. Mahali palipokatwa wote, pasipoachwa mti mama hata mmoja, panabaki visiki tu.

Fundi wa Mkomani: Mnabishana juu ya boriti bila kutaja zinapoozea. Zinaozea ukutani, kwenye ncha, pale palipopigwa plasta ya saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe huvuta unyevu kutoka chini, na chokaa huuachia utoke. Saruji inauzuia, maji yanapanda ndani kwa ndani, chumvi inasukuma plasta mpaka inatoka kipande kizima. Kufikia hapo ncha ya boriti imeshakuwa unga. Mvua kubwa ikipiga, dari linashuka. Nyumba nyingi zinazosemwa zimeangushwa na mvua, saruji ndiyo iliyozimaliza.

Bahari Haina Mlango: Familia iko nje, fundi, wewe wataka wangoje chokaa ikauke! Na hiyo chokaa huchomwa kwa kuni gani tanuuni? Si magogo ya mikoko hayo hayo?

Fundi wa Mkomani: Ni kweli, tanuu linakula kuni nyingi, sitalikataa hilo. Lakini nyumba iliyoanguka haihitaji tanuu zima. Mawe ya zamani yote hurudi ukutani. Bandua saruji, kwangua viungo, jaza chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga. Mchanga usiwe wa ufukoni, una chumvi. Ukiwa ndio huo tu, uoshe kwa maji matamu. Plasta nyembamba, tabaka kwa tabaka, na uilowanishe isikauke kwa pupa ikapasuka.

Mwana wa Langoni: Ndugu zangu, mimi niliuliza ukuta wa bahari!

Nahodha wa Shella: Ukuta wima hulirudisha wimbi miguuni pake. Mchanga unachotwa bamvua kwa bamvua mpaka msingi unaning'inia, na pale ukuta unapoishia ndipo jirani anapoliwa. Mkilazimika kujenga, lazeni mawe kwa mteremko: makubwa juu, kokoto chini, kitambaa cha kuchujia nyuma ili mchanga usinyonywe. Na vilima vya mchanga vya Shella viacheni. Ndivyo vinavyotunza maji matamu ya visima.

Bahari Haina Mlango: Kokoto za kutoka wapi? Kila jiwe linavuka kwa mashua.

Fundi wa Mkomani: Na kila mfuko wa saruji pia.