Macho mekundu yameisha lakini naona ukungu. Kirusi bado kimo?

Mama Zuhra, Ngamiani

Assalaam alaykum wakuu, na habari za jioni kwa wengine wote. Mimi ni fundi cherehani, nashona madera na mabuibui hapa Barabara ya 8. Macho yalinianza Ramadhani ikikaribia, wakati ambao fundi hana ruhusa ya kuugua, vitambaa vya Idi vimejaa mpaka chini ya meza. Lilianza la kulia. Likavimba, likatoa machozi na tongotongo, asubuhi kope hazifunguki mpaka nizipanguse kwa maji ya vuguvugu. Baadaye likafuata la kushoto. Mwanga sikuutaka kabisa, na hapa mbele ya sikio pakatoka kitezi kinauma ukikigusa.

Duka la dawa nikapewa matone ya antibayotiki, nikatia, sikuona tofauti. Jirani akaniazima kichupa chake kingine, hicho kilipoza kweli. Sasa Idi imepita, macho ni meupe, hayaumi wala hayatoi kitu. Lakini naona ukungu! Kutunga uzi mweusi kwenye sindano siwezi, mpaka nimwite Zuhra. Kwenye kitambaa cha buibui mshono siuoni, naupapasa kwa kidole. Usiku taa za bodaboda naziona zimezungukwa na duara. Na cha ajabu, nikiacha kile kichupa siku chache ukungu unazidi, nikirudia unapungua.

Nauliza hivi: kirusi kimekaa humo mpaka leo? Na je, kuna mtaalamu yeyote anayeshughulika na hivi virusi vya macho, au ni malaria na ukimwi tu ndiyo vyenye wenyewe? Wa maziwa ya mama na mkojo wa asubuhi nawaheshimu, ila leo mpite tu.

KijanaWaMakorora

Hahaha, mama umetufungia mlango mapema. Bibi yangu angekuwa hai angeshajibu. Mimi ninavyojua hizi red eyes zinakuja na upepo wa kaskazi, na ukimtazama mgonjwa machoni umeshaipata. Vaa miwani nyeusi, pumzika, itaisha yenyewe.

MzeeWaSahare

Kijana, kumtazama mtu hakukupi kitu. Inapita kwa mikono, taulo, mto, simu ya kupokezana, na kichupa cha dawa cha kuazimana. Mama Zuhra hapo umenisikia.

Nilikuwa muuguzi wa chumba cha macho mpaka nikastaafu. Si daktari, na macho yako sijayaona, kwa hiyo chukua haya kama mazungumzo ya barazani halafu uende ukapimwe.

Jicho moja kwanza, la pili baadaye, kitezi mbele ya sikio, halafu ukungu wekundu ukishaondoka: huo ndio mwendo wa kirusi kiitwacho adenovirusi, hasa aina ya 8, ya 37 na ya 64. Iko nyingine, enterovirusi 70, iliyozuka Accra, Ghana, mwaka 1969. Hiyo inakuvamia usiku mmoja, jicho linavilia damu, na ndani ya wiki moja hivi wengi wameshapona. Watu wa Accra waliiita Apollo 11 kwa sababu ilikuja siku zile wanadamu wanatua mwezini. Wewe inavyoonekana huna hiyo.

Sasa swali lako la pili, maana limenifurahisha. Wapo. Yupo daktari wa Marekani anaitwa James Chodosh, aliyefanya kazi Oklahoma kisha Harvard, na sehemu kubwa ya utafiti wake ni huu ukungu wako. Alitaka kujua kwa nini mtu anapona kirusi halafu anabaki na vidoa kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Vile vidoa ukiviangalia kwa mashine vinaonekana kama vumbi jeupe lililotapakaa chini ya ngozi ya juu ya konea. Si usaha, wala si kirusi kinachozaana. Ni seli nyeupe za kinga yako mwenyewe zilizokusanyika pale.

Yeye na wenzake walichukua panya, wakawaingiza adenovirusi kwenye konea. Katika panya kirusi hiki hakizaani, na konea ikavimba hata hivyo. Wakajaribu kirusi kilichoharibiwa vinasaba kwa miale, konea ikavimba. Wakajaribu ganda tupu lisilo na vinasaba ndani, ikavimba vilevile. Makala yao ilitoka mwaka 2010. Maana yake, seli za konea zikiligusa tu lile ganda zinapiga kelele kwa kemikali, na seli nyeupe zinakuja mbio. Mwizi ameshakimbia, askari bado wamejaa sebuleni na mabuti yao.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: kwa kawaida hapana. Mwenye ugonjwa huu huambukiza wengine kama wiki mbili hivi, na ule ukungu ndio kwanza huwa unaanza kirusi kinapoondoka. Unaweza kukaa wiki, miezi, kwa wachache hata zaidi, halafu kwa wengi unafifia.

Nina neno moja la kukusumbua. Hicho kichupa cha jirani, soma lebo. Kuna jina linaloishia na "-sone" au "-solone"?

Mama Zuhra, Ngamiani

Shikamoo mzee. Zuhra amenisomea, maana maandishi yenyewe kama miguu ya sisimizi: dexamethasone na neomycin. Jirani alipewa baada ya kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho.

MzeeWaSahare

Marahaba mwanangu. Nilihisi hivyo.

Deksamethasoni ni steroidi. Inawatuliza wale askari, ndiyo maana ukitia unaona vizuri. Ukiacha ghafla wanarudi, ndiyo maana ukungu unazidi. Na ikitiwa wakati kirusi bado kipo, inakipa nafasi ya kukaa jichoni muda mrefu zaidi. Hata daktari wa macho huiandika dawa hii kwa ugonjwa wako mtu akiwa haoni vya kutosha kufanya kazi, ila anaipunguza polepole na kukupima presha ya macho kila ukirudi. Presha ya macho inayoletwa na steroidi haiumi. Inakula mshipa wa kuonea kimyakimya, na kilicholiwa hakirudi.

Jambo la pili linanitia hofu zaidi. Kuna kirusi kingine, herpesi ya jicho. Nayo huleta wekundu, machozi na kuogopa mwanga, mara nyingi jicho moja. Hiyo inachora kidonda kwenye konea chenye matawi kama ya mti, na ukikitilia steroidi peke yake kinatanuka, jicho linaweza kupofuka. Nimeona watu wazima wakija wameshikwa mkono na wajukuu kwa ajili ya kichupa cha kuazima, tena cha bei ndogo kabisa. Basi ile ina dawa yake! Tangu mwaka 1962 daktari wa macho wa Marekani, Herbert Kaufman, alionyesha kuwa matone ya idoksuridini yanaitibu herpesi ya jicho, na hiyo ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kabisa dawa kukishinda kirusi ndani ya mwili wa mtu. Siku hizi tunatumia asiklovia. Adenovirusi ndiyo mpaka leo haina dawa yake iliyoidhinishwa, na antibayotiki zile za mwanzo hazikuwa na la kufanya, zenyewe ni za bakteria.

Maabara_Muheza

Mzee naomba niongeze kidogo, nasomea maabara. Kuhusu dawa ya adenovirusi, kuna mtafiti wa Sweden, Niklas Arnberg, Chuo Kikuu cha Umeå. Mwaka 2000 kundi lake lilionyesha kwamba aina ya 37 inajishika kwenye seli kupitia asidi ya siali, ambayo ni sukari iliyo juu ya seli zetu. Mwaka 2011 wakaipata sukari kamili inayotumika, inaitwa GD1a. Kirusi kina nyuzi zinazochomoza kwenye ganda lake, na kila unyuzi una kifundo nchani chenye vishimo vitatu vya kushikia sukari hiyo. Wakatengeneza molekuli yenye mikono mitatu ya asidi ya siali ili izibe vishimo vyote, kirusi kikose pa kushika, kitoke na machozi. Wazo ni matone ya macho. Madukani hayajafika. Mimi hilo wazo nalipenda kuliko yote, maana halihangaiki kuua kitu.

KijanaWaMakorora

Aisee. Kumbe watu wamekaa maabara miaka yote hiyo kwa ajili ya tongotongo! Mzee, kwa hiyo miwani nyeusi haina kazi?

MzeeWaSahare

Ina kazi ya kukupunguzia mwanga ukiwa mgonjwa, basi.

Ukitaka kujua inavyopita, soma habari za Pearl Harbor, Hawaii, mwaka 1941. Mafundi wa meli walikuwa wakiingiwa na vumbi la chuma machoni, wanakwenda zahanati ya bandari kutolewa, wanarudi na ugonjwa. Maelfu waliugua, ukavuka mpaka viwanda vya meli vya pwani ya magharibi ya Marekani. Ulikuwa unapita kwa mikono na vifaa vya wale waliokuwa wakiwatibu. Kirusi chenyewe, adenovirusi aina ya 8, mtaalamu wa vijidudu wa Marekani, Ernest Jawetz, alikipata baadaye, mwaka 1955. Ile habari niliwasimulia wauguzi wapya wote waliopita mikononi mwangu, na wengine walinichoka.

Mama Zuhra, Ngamiani

Mzee Mungu akuzidishie. Kesho asubuhi naenda kliniki ya macho. Nikifika niseme nini? Na futi yangu na mkasi vinashikwa na wateja wote, nivifanyeje? Nimekuwa nikipangusa kwa spiriti.

MzeeWaSahare

Nenda na kichupa chenyewe, usieleze kwa mdomo tu. Waambie ulianza lini na unatia mara ngapi kwa siku, usione haya. Usiache ghafla wala usiongeze kabla hawajakuona. Omba wakuangalie kwa ile mashine ya kuweka kidevu, inayomulika mstari wa mwanga, na wakupime presha ya macho. Wakikutilia rangi ya manjano jichoni usishtuke, wanatafuta kidonda.

Spiriti haimwezi vizuri huyu adenovirusi, hana ngozi ya mafuta ya kuyeyushwa, na juu ya plastiki kavu anaweza kukaa wiki kadhaa. Futi iloweke kwenye maji yenye jiki, isuuze, ianike. Mkasi upanguse kwa jiki hiyohiyo kisha ufute ukauke usije ukaota kutu. Mikono ni sabuni na maji yanayotiririka, usugue mpaka katikati ya vidole. Kichupa cha jirani usimrudishie, mnunulie kingine kwa cheti chake.

Mama Zuhra, Ngamiani

Nimekuelewa. Na yeye nimemwambia twende wote, maana naye anakitia kila akihisi mchanga machoni.