GPON, XGS-PON au kila nyumba uzi wake? Naomba ushauri kabla hatujachimba

NguzoTatu: Wakuu, habari za kazi. Tunajenga mtandao wa faiba kwenye mtaa mpya na wiki hii lazima tuamue: GPON au XGS-PON, ambazo uzi mmoja kutoka kituoni unagawiwa nyumba nyingi, au kila nyumba ivutiwe uzi wake mpaka kituoni. Bosi hataki mtandao wa kufumuliwa baada ya miaka michache. Ipi bora?

MamaFaiba: Umeuliza nusu swali, mkuu. Nyumba ngapi? Umbali gani? Splita (vigawanya mwanga) za ngapi, na zinakaa wapi? Kuna maofisi humo?

kisiwa_8: XGS-PON, basi. GPON inashusha Gbps 2.5 na kupandisha 1.25, tena mnagawana wote mlio kwenye splita moja. XGS ni 10 kwenda na 10 kurudi. Zinapita uzi mmoja bila kugongana, maana GPON inashuka kwa wimbi la mwanga la nm (nanomita) 1490 na XGS kwa 1577. Chukua kadi za kombo za kituoni, zinazobeba zote mbili, uwahamishe wateja mmoja mmoja kwa kuwabadilishia kifaa cha nyumbani.

NguzoTatu: Samahani. Nyumba kama 600, ya mbali ni km 4, maofisi machache. Mgawanyo 1:64, yaani uzi mmoja kwa nyumba 64; splita moja kabatini mtaani, nyingine nguzoni.

FundiMwanga: Hapo nguzoni ndipo penye shida. Kuna mtandao niliufanyia kazi uliopangwa hivyohivyo, splita ndani ya vikasha vilivyozibwa. Ikaja ofisi inataka uzi wake peke yake. Kutoka kabatini hadi nguzoni hapakuwa na uzi wa akiba hata mmoja, ikabidi tuvute kebo mpya njia nzima kwa mteja mmoja. Baadaye mwanga ukafifia kwenye nyumba za mwisho. Ukipima kwa OTDR (kifaa kinachotuma mwanga na kusoma unaorudi) kutoka kituoni, ukishavuka splita matawi yote yanarudisha mwanga kwa pamoja, hujui lipi limeumia. Tukapanda nguzo moja baada ya nyingine na mita mkononi, mpaka tukakuta uzi umebanwa kwenye kona ya kifuniko, umekunjika vibaya. Kadi utabadilisha mchana mmoja, lakini kilicholala ardhini utaishi nacho. Splita zote ziweke kabatini, kila nyumba iwe na uzi wake mpaka hapo. Ukitaka kumhamisha mtu, unachomoa konekta na kuchomeka pengine.

MamaFaiba: Naunga mkono. Na 1:64 inakula desibeli 20 na ushei za mwanga, wakati bajeti ya B+ (daraja la vifaa vya GPON), yaani upotevu wote unaoruhusiwa njiani, ni 28 tu. Nenda 1:32. Nyuzi ziwe za G.657, zinavumilia kukunjwa.

kisiwa_8: Nyuzi zote hizo hadi kabatini ni pesa nyingi.

FundiMwanga: Pesa nyingi iko kwenye kuchimba. Uzi wenyewe ni rahisi.

WimbiRefu: Mbona 50G-PON, ya Gbps 50, hamuigusi? ITU-T, shirika la viwango vya mawasiliano, ilipitisha kiwango chake, G.9804, mwaka 2021. Ila kwangu NG-PON2 ndiyo iliyonyumbulika kweli: mawimbi manne ya mwanga kwenye uzi mmoja, kifaa cha mteja kinahama kutoka wimbi hadi wimbi bila fundi kutoka ofisini.

kisiwa_8: Kwa leza za kubadili wimbi, za bei kubwa ile? Ndiyo maana wengi wameiruka wakaenda XGS.

WimbiRefu: Bei za leza hushuka. Wazo lilikuwa sahihi.

MamaFaiba: NguzoTatu, konekta za kabatini ziwe za kijani zote, zenye ncha ya mshazari. Ukichanganya na za bluu, ncha hazikutani sawasawa na mwanga unapotea.

NguzoTatu: Nimeandika. Bosi anauliza kama hilo kabati litahitaji umeme.

FundiMwanga: Splita hazitumii umeme. Mwambie akague kwanza upana wa mabomba, kama nyuzi zote hizo zitapita.