Asali "safi": safi ya namna gani?

Mama Wawili, Njiro
Naomba tujadili hili bila matusi. Jumamosi nilinunua asali lita 1 kando ya barabara, chupa imebandikwa karatasi: ASALI SAFI. Kufika nyumbani naichuja, nakuta mabawa ya nyuki, vipande vya nta na vitu vyeusi kama majivu. Nikampigia muuzaji. Akanijibu, "Mama, nimeandika safi, sikuandika imechujwa. Safi maana yake sijaichanganya na sukari." Jibu hilo limenikaa kichwani siku 3 sasa. Mimi nikisikia safi naelewa haina uchafu, yeye anaelewa haina mchanganyiko. Nani amekosea? Na je, wauzaji wazuiwe kuandika neno hilo bila kusema ni safi kwa lipi?

Mangi wa Kiboriloni
Muuzaji yuko sahihi. Dhahabu safi ni ile isiyotiwa shaba, hakuna anayeuliza kama imeoshwa. Hayo mabawa ni ushahidi kwamba nyuki walikuwepo kweli. Ila ninyi watu wa Arusha, kama Mama wa Njiro, kuja kutufundisha maana ya safi, wakati maji yenu yamewafanya meno rangi ya chai ya maziwa, hapo mmevuka mpaka.

Chalii wa Ngarenanyuki
Nilikuwa nakuja kuchangia habari ya asali, lakini wewe mangi umenigusa pabaya. Meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota. Shule nzima nilicheka nimeziba mdomo kwa mkono. Na sikunywa maji machafu hata siku moja! Maji niliyokulia ni meupe, unaona kokoto chini, hayana harufu, hayana ladha mbaya. Kinachotia meno madoa ni floraidi, madini yaliyoyeyuka majini, huioni na huionji. Ukichemsha haitoki, inazidi kukolea kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Mama yangu alichemsha maji kila jioni akiamini anatulinda. Usimcheke mama yangu.

Mangi wa Kiboriloni
Mama yako sijamtaja.

Chalii wa Ngarenanyuki
Umetaja meno. Meno ni malezi.

Muuguzi Mstaafu
Vijana, taratibu. Meno hupata madoa hayo yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, utotoni. Mtu mzima akihamia Meru leo meno yake hayabadiliki rangi, kwa hiyo si suala la nani anapiga mswaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi kuzunguka mlima Meru vinapita hapo kwa sababu ya miamba ya volkano. Maji ya mvua hayana shida hiyo, na mkaa wa mifupa hupunguza floraidi. Mnaposikia viongozi wanasema "maji safi na salama", hayo ni maneno mawili kwa sababu moja halitoshi. Na wewe Mangi, magadi mnayotia kwenye kiburu, zile ndizi zenu na maharage, nayo huwa na floraidi.

Mangi wa Kiboriloni
Shikamoo mama. Kila ulichosema nakipokea, isipokuwa kiburu. Kiburu bila magadi si kitamu. Basi.

Mtanga Mhamiaji, Moshi
Hapo kwenye "tamu" ndipo ninyi watu wa mlimani mnaponichanganya! Wiki ya kwanza hapa mama mwenye nyumba alinipa mbege, pombe yenu ya ndizi, akasema karibu, hii tamu. Nikapiga funda moja, uchungu umenishika hadi kooni. Kwetu wali wa nazi ni mtamu, samaki wa kupaka mtamu, sawa, si lazima kuwe na sukari. Lakini kitu chungu kuitwa kitamu? Basi tuseme "nzuri" tu tuelewane.

Bibi wa Marangu
Mjukuu wangu, hukuonja vizuri. Mbege ni ndizi mbivu zilizopikwa hadi zikaiva sana, zikakaa siku kadhaa, zikachujwa, halafu uji wa kimea cha ulezi. Ule uchungu ni magome ya msesewe, na bila huo unakunywa togwa. Siku ya kwanza inakuwa tamu, wanawake na wazee wanaipenda. Ikilala inakuwa kali, hiyo ni ya wanaotaka kichwa. Tamu, kali na chungu zote zimo kwenye kata moja, na sisi tunajua tunasema ipi. "Nzuri" haisemi kitu. Mtu akiniambia mbege yangu ni nzuri najua hakuipenda.

Mtanga Mhamiaji, Moshi
Shikamoo bibi. Nitarudi kuonja, lakini ile ya siku ya kwanza.

Dereva wa Usa River
Bibi amenena. Kali nayo ina kazi nyingi: kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, pilipili kali. Mwanangu anasema hata viatu vikali na anasifia. Mbona hatujazuia wauza viatu?

Mfuga Nyuki, Monduli
Nimesoma hadi mbege, jamani. Turudi kwenye chupa ya dada. Kuna wanaosema asali ikiganda ujue ina sukari. Si kweli, asali halisi huganda, hasa kwenye baridi kama yetu hii. Kuidondoshea kwenye glasi ya maji nako hakuthibitishi chochote. Na utamu si kipimo: asali ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi, ina uchachu, na ndiyo ya bei ghali. Mteja akiionja ananiambia nimemtilia ndimu. Mimi naandika maneno mawili: HALISI, IMECHUJWA. "Safi" niliacha kuandika, kila mteja anakuja na safi yake. Ila hivyo vyeusi, dada, ni masizi ya moshi wa kurinia. Huyo muuzaji hakuchanganya, lakini amerina vibaya na hajachuja. Ajue kwamba hayo mawili ni makosa hata kama hajadanganya.

Mangi wa Kiboriloni
Mfuga Nyuki, unasema hajadanganya, kwa hiyo nilikuwa sahihi. Chalii, la meno nalirudisha, nisamehe. La kiburu silirudishi.

Chalii wa Ngarenanyuki
Nimesikia. Lakini ungeomba radhi kabla ya kutangaza ushindi.

Mama Wawili, Njiro
Asanteni. Nimejua habari za meno, mbege na viatu, na kama wauzaji wazuiwe hakuna aliyenijibu ila Dereva, naye kwa swali. Mfuga Nyuki, nimekuelewa. Muuzaji amenipigia tena leo asubuhi, ana madumu mawili mapya, ananiuliza niletewe ipi. Nimemwambia anitajie kwanza alichofanya nayo tangu mzingani, hatua kwa hatua, na asitumie lile neno. Amesema atanipigia baadaye.