Wadau naomba ushauri: watoto wanasoma kwa sauti vizuri ila ukiwauliza walichosoma, kimya

ticha_darasa3:

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Mi ni mwalimu wa darasa la tatu, naombeni mnisaidie maana hili jambo linaninyima raha kweli. Darasani kwangu kuna watoto wanaosoma bila kukwama, wanatiririka tu mpaka mwisho wa ukurasa, ila ukimuuliza haya, kwanini fisi aliamua kurudi? anaangalia dari. Alafu kuna wengine nikisema tu fungueni kitabu unaona keshainama, anajificha nyuma ya mwenzake asiitwe. Juzi mmoja kasoma nusu mstari akafika kwenye neno "walinyang'anyana" akakwama, wenzake wakacheka, toka siku hiyo akishika kitabu sauti haitoki, anachezesha midomo tu. Huyo ndo ananiuma zaidi manake tukibaki wawili anasoma vizuri tu. Nifanyeje wasome kwa kujiamini na wawe wanafikiria wanachosoma? Walimu wenzangu, wazazi, yeyote mwenye uzoefu karibuni.

mkali_wa_hesabu:

Weka mashindano mwalimu, anayesoma haraka kuliko wote anapewa zawadi, utaona watakavyochangamka.

mama_mapacha:

Hapana kaka, hapo utawachangamsha walewale ambao tayari wanaweza, na huyo aliyechekwa utamzika kabisa. Isitoshe shida ya kwanza ya mwalimu ni wanaokimbia bila kuelewa, sasa ukiwapa zawadi ya kukimbia si ndo basi tena. Mi ni mzazi sio mwalimu ila nyumbani nimeona kitu kimoja, ukimsomea mtoto hadithi yeye akiwa anasikiliza tu anaelewa mambo mengi kuliko anayoweza kusoma mwenyewe, kwahiyo tunasoma kwa zamu, ukurasa wangu ukurasa wako, na tukifika pazuri nafunga kitabu nauliza unadhani atafanya nini huyu? Hapo wanabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka wanakinyakua waangalie. Na hadithi wanachagua wao, hata kama ni ileile kila siku nasoma hivohivo.

mwl_mstaafu:

Mwanangu ticha, pole na kazi. Nimefundisha madarasa ya chini karibu maisha yangu yote ya kazi, na hili la kuwaita mmoja mmoja wasome kitu ambacho hawajawahi kukiona, darasa zima likisikiliza, ndo kiwanda cha woga. Anayesubiri zamu yake hasikilizi, anahesabu tu mistari ajue yake ni ipi, na aliyekwisha kusoma anapumua, keshamaliza shughuli. Sasa nani anafuata hadithi hapo?

Fanya hivi. Kwanza soma wewe, kwa sauti yenye uhai, wao wanafuata kwa kidole. Kisha unasoma sentensi wao wanarudia, kisha wote pamoja, hapo mwenye woga sauti yake inafichwa na za wenzake na anazoea kuisikia. Halafu wawili wawili, kila mmoja anamsomea mwenzake. Mtu kusoma peke yake mbele ya darasa ni mwisho kabisa, tena kwa hiari. Kurudia kifungu kilekile kifupi mpaka kilainike si kupoteza muda, kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Samuels aliiandikia mbinu hii mwaka 1979, hoja yake ni kwamba akili ikiacha kuhangaika na kutambua maneno ndo inapata nafasi ya kushughulika na maana.

Na hilo neno lililomkwamisha mtoto lifundishe kabla ya hadithi, ubaoni. Anza na ng'a peke yake, ng'ombe, ng'aa, uweke pembeni ngazi na ngoma wasikie tofauti, manake wengi ile alama ya juu hawaioni kabisa. Ndo uende wa-li-nya-ng'a-nya-na, wapige makofi kwa kila silabi, kisha waliseme kwa mkupuo. Neno refu likishakatwa hivyo hakuna anayeliogopa.

msomaji_wa_usiku:

Naongezea kwa hao wanaotiririka bila kuelewa. Kuna utafiti wa Palincsar na Brown wa 1984, walifanya na wanafunzi wa darasa la saba huko Marekani waliokuwa na shida hiyohiyo, maneno wanayasoma ila maana haiingii. Wakawafundisha mambo manne, kutabiri kinachofuata, kuuliza swali, kufafanua palipo na utata na kufupisha kwa maneno yao, na watoto wenyewe wanashika zamu ya kuwa mwalimu wa kikundi, uelewa ukapanda. Wa kwako ni wadogo kwahiyo usiwamwagie yote manne kwa pamoja, anza na kuuliza tu. Wakimaliza aya moja, badala ya wewe kuuliza mwambie mtoto atunge swali la kumtega mwenzake. Mwanzoni watauliza fisi alikwenda wapi, jibu lipo wazi kwenye mstari, sio mbaya. Wewe nawe uliza la kwako la kwanini, wakusikie, taratibu wataanza kuiga. Mtoto hawezi kutunga swali kwenye kitu ambacho hajakielewa, atalazimika kurudi kusoma tena, na huko kurudi ndo unakotaka.

ticha_darasa3:

Asanteni sana jamani, nasoma zote. Ila darasa limejaa, vitabu vyenyewe wanagawana, na nikiuliza swali wanajibu walewale wa mbele siku zote.

msomaji_wa_usiku:

Kifungu kifupi andika ubaoni, sentensi tano sita zinatosha. Na ukiuliza swali subiri. Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya sayansi miaka ya 1970 akakuta walimu wengi wanasubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na waliposubiri 3 au zaidi majibu yakawa marefu, hata watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Uliza, kaa kimya, waambie kila mtu amnong'oneze wa pembeni jibu lake, ndo uchague wa kujibu. Akishamwambia mwenzake anakuwa na kitu cha kusema.

mama_mapacha:

Halafu mwalimu samahani, hao wanaoinama uliza wazazi wao kama macho yamepimwa, mwingine ubao hauoni na hajui kama wenzake wanauona.

ticha_darasa3:

Hilo la macho nitaliulizia. Na huyu aliyechekwa mwalimu wangu, naanzia wapi?

mwl_mstaafu:

Kabla hujamgusa yeye ongea na darasa, aliyekwama anasubiriwa, akiomba msaada ndo anasaidiwa, kucheka marufuku, na ulisimamie kila siku bila kuchoka. Yeye mpe kifungu kifupi mapema, akasome nyumbani, akusomee wewe mkiwa wawili, siku nyingine amsomee rafiki yake mmoja. Akishakizoea ndo umuulize kama yuko tayari kusoma darasani. Akisema bado, muache. Akikubali usimuweke wa kwanza wala usitangaze kwamba amejiandaa, mpe aya yake katikati ya wenzake, na akimaliza muulize kitu kuhusu hadithi, kama anavyoulizwa mwingine yeyote.