Bei ile ile, gramu zimetoroka: wenye viwanda mnadhani hatuoni?

Wakuu, wachumi wana neno lao, "shrinkflation", ambalo kamusi ya Merriam-Webster ililipokea mwaka 2022. Wameunganisha maneno mawili ya Kiingereza, kusinyaa (shrink) na mfumuko wa bei (inflation). Mtaani maana yake ni moja tu: pakti inapungua, bei haisogei. Kupandisha bei kinyemela, basi.

Tupige hesabu. Unga wa gramu 1,000 kwa shilingi 3,000, ukishushwa hadi gramu 900 kwa bei ile ile, kilo sasa ni shilingi 3,333. Wamekata asilimia 10, wewe umepandishiwa asilimia 11. Wakikata robo ya pakti, umepandishiwa theluthi nzima! Wangeongeza theluthi kwenye bei waziwazi, duka zima lingepiga kelele.

Na wanajua pa kukata. Chupa ina kimo kile kile, kumbe kitako kimebonyea ndani. Karatasi za chooni, lile bomba la katikati limetanuka na karatasi zimezungushwa kwa kulegea. Biskuti zimetenganishwa kwenye trei kama zimegombana. Uingereza mwaka 2016, Toblerone ya gramu 400 ilishushwa hadi 360 kwa kutanua mapengo kati ya vilima vya chokoleti. Wateja walichachamaa kweli kweli.

Kinachoudhi zaidi ni ofa. Gramu 500 inageuzwa 400 kimya kimya, baadaye inarudi na maandishi mekundu "ziada 25% bure". Mia nne jumlisha robo yake ni mia tano. Umerudishiwa chako, na unashukuru!

Mafuta ya kupikia yana mtego wake. Lita moja ina uzito wa kama gramu 920, kwa hiyo ndoo ya lita 5 ni kama kilo 4.6. Ndoo moja ikiandikwa lita na nyingine kilo, usilinganishe bei kabla hujazigeuza zote kuwa kilo.

Sabuni ya mche tusiionee. Ikikaa dukani inapoteza maji na kupungua uzito yenyewe, kwa hiyo kuipima nyumbani hakuthibitishi kitu. Linganisha uzito ulioandikwa, wa zamani na wa sasa.

Tena msichanganye na sado iliyogongwa kitako sokoni. Huo ni wizi wa vipimo, kapigeni ripoti Wakala wa Vipimo. Pakti iliyoandikwa gramu 900 na ndani kuna 900 haina kosa la kipimo, na ndiyo maana wanatamba.

Ufaransa, tangu 1 Julai 2024, maduka yenye zaidi ya mita za mraba 400 lazima yabandike tangazo kwa miezi miwili karibu na bidhaa iliyopunguzwa huku bei ya kilo au lita ikipanda. Sisi hata bei ya kilo kwenye rafu hatuandikiwi!

Mpaka hapo, pakti mkononi: bei gawanya kwa gramu, zidisha mara 1,000. Simu inatosha. Piga picha upande wenye uzito, siyo upande wenye tabasamu la mtoto, maana mwakani utahitaji ushahidi. Wenye picha za zamani na mpya za bidhaa moja, shusheni hapa.

Mods, tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa sukari.